PICHA ZA KIMBUNGA: UZURI WA JUU, MSIBA WA CHINI

Wapo watu duniani ambao starehe yao ni kutazama mawingu. Hawatazami mawingu ya mvua ya kupandia mahindi, kama tufanyavyo sisi. Wao hutazama picha za vimbunga vikubwa vya baharini. Picha hizo hupigwa kutoka angani na vyombo viitwavyo setilaiti. Watu hao wako Marekani, Japani, Ufilipino, Uingereza na kwingineko. Wengi wao si wataalamu. Ni walimu, mafundi, madereva na wanafunzi. Lakini kimbunga kikubwa kikizaliwa, usingizi huwaruka. Hukaa mbele ya kompyuta au simu mpaka alfajiri, wakingoja picha mpya.

Ndugu msomaji, pengine utauliza: "Hivi watu hawa ni wazima? Kimbunga ni msiba. Mtu anautazamaje msiba kama anayetazama mpira?" Swali lako ni zuri, na katika makala hii tutalijibu. Tutaona picha hizo hupigwa vipi na husomwa vipi. Kisha tutaona kwa nini picha peke yake haimwokoi mtu.

Kimbunga huzaliwaje?

Weka sufuria ya maji jikoni. Maji yakipata moto, mvuke hupanda. Bahari nayo ni hivyo hivyo. Maji ya bahari yakifika joto la nyuzi 26 au 27 za Sentigredi, mvuke mwingi hupanda juu. Huko juu kuna baridi. Mvuke hupoa na kugeuka kuwa mawingu na mvua. Unapogeuka hivyo, hutoa joto. Joto hilo huisukuma hewa izidi kupanda. Hewa ikipanda, chini hubaki pengo, na hewa nyingine hukimbilia kuliziba. Huo ndio upepo.

Sasa, dunia yetu inajizungusha. Kwa hiyo upepo huo hauendi moja kwa moja, bali hupinda. Mwishowe mawingu yote huanza kuzunguka mahali pamoja, kama maji yanayozunguka yakiingia katika tundu. Kusini ya ikweta kimbunga huzunguka kama mishale ya saa iendavyo. Kaskazini ya ikweta huzunguka kinyume chake. Karibu kabisa na ikweta nguvu hiyo ya kupinda upepo ni ndogo mno. Ndiyo maana vimbunga havifiki mara kwa mara katika pwani ya Kenya na Tanzania.

Majina ya kimbunga ni mengi. Katika Bahari ya Atlantiki wanakiita harikeni. Upande wa Japani na Ufilipino wanakiita taifuni. Katika Bahari ya Hindi wanakiita saikloni. Majina ni tofauti, lakini mnyama ni mmoja.

Tena ziko harikeni nyingi kali za Atlantiki ambazo chanzo chake ni Afrika. Mawimbi ya hewa huanzia upande wa Sudan, hupita juu ya Afrika Magharibi, kisha huingia baharini. Mengi hufa yenyewe. Machache hukuta maji ya moto na kugeuka kimbunga, nacho huvuka bahari nzima mpaka Marekani.

Picha hupigwaje?

Zamani watu hawakuwa na njia ya kukiona kimbunga kikiwa katikati ya bahari. Walitegemea meli iliyokutana nacho. Meli ikizama, habari nayo ilizama. Tarehe 8 Septemba, 1900, kimbunga kiliupiga mji wa Galveston, Marekani. Watu kama 8,000 walikufa. Wengi hawakujua ni kitu gani kilichokuwa kinawajia.

Tarehe 1 Aprili, 1960, Marekani ilirusha setilaiti ya kwanza ya hali ya hewa iliyofanikiwa kupiga picha za mawingu. Jina lake lilikuwa TIROS-1. Mwaka uliofuata, 1961, setilaiti ya TIROS-3 ilikiona kimbunga Esther kabla hakijaonwa na meli wala ndege. Tangu hapo mambo yalibadilika. Bahari haikuweza tena kuficha kimbunga.

Leo setilaiti za hali ya hewa ni nyingi. Marekani wana GOES. Nchi za Ulaya wana Meteosat, ambazo ndizo zinazoitazama Afrika yetu. Wajapani wana Himawari. Jina hilo kwa lugha yao maana yake ni alizeti, ua lile tunalolima kwa mafuta.

Setilaiti hizi ziko mbali sana, kama kilometa 36,000 juu ya ikweta. Zinazunguka sawasawa na mzunguko wa dunia. Fikiria watu wawili wanaouzunguka uwanja. Mmoja anapita njia ya ndani, mwingine njia ya nje. Wakimaliza mzunguko kwa wakati ule ule, kila mara watakuwa wanatazamana. Setilaiti na dunia ni hivyo hivyo. Kwa hiyo setilaiti huitazama sehemu ile ile usiku na mchana. Himawari hupiga picha nzima ya upande wake wa dunia kila baada ya dakika 10. Ukizipanga picha hizo moja baada ya nyingine, unaona mawingu yakitembea kama sinema.

Kuisoma picha

Picha ya setilaiti ni kama barua. Asiyejua kuisoma ataona madoa tu. Anayejua ataona habari.

Kwanza, msomaji hutafuta jicho. Jicho ni tundu lililo katikati ya kimbunga. Ndani ya jicho upepo hutulia, na pengine hata jua huonekana. Likiwa duara safi, na mawingu yamelizunguka sawasawa, basi kimbunga hicho kina nguvu nyingi. Jicho likizibwa na mawingu, au likipinda, mara nyingi kimbunga kimedhoofika au kinabadilika.

Pili, hutazama ukuta wa jicho. Hayo ni mawingu marefu yaliyolizunguka lile tundu. Hapo ndipo penye upepo mkali kupita pote.

Tatu, hutazama rangi. Hapa wengi hudanganyika. Picha za usiku hazipigwi kwa mwanga wa jua. Setilaiti hupima joto la vichwa vya mawingu, kisha mtambo hupaka rangi ili sisi tutofautishe. Kwa hiyo ukiona wingu jekundu au jeusi katika picha, usidhani ni moto. Mara nyingi maana yake ni kwamba kichwa cha wingu kiko juu sana na kina baridi kali, pengine nyuzi 80 chini ya sifuri. Wingu likiwa refu na la baridi hivyo, ujue chini yake hewa inapanda kwa nguvu.

Katika miaka ya 1970 mtaalamu mmoja wa Marekani, Vernon Dvorak, alitengeneza utaratibu wa kukisia nguvu ya kimbunga kwa kutazama umbo la mawingu. Kimbunga hupewa alama, kuanzia 1 mpaka 8, kama mwanafunzi katika mtihani. Utaratibu huo unatumika mpaka leo. Una faida kubwa, maana Marekani hutuma ndege kuingia ndani ya vimbunga vyake na kuvipima. Huku Bahari ya Hindi hatuna kawaida hiyo. Picha ndiyo tegemeo letu kubwa.

Kwa nini wanapenda?

Sasa tulijibu lile swali. Kwa nini mtu akeshe akitazama picha hizi?

Sababu ya kwanza ni uzuri. Kimbunga chenye nguvu, ukikitazama kutoka juu, ni kizuri kweli. Ni cheupe, kimezunguka kama mkeka uliosukwa na fundi, na katikati kuna tundu jeusi. Hakuna mtu aliyekichora, lakini kimepangika.

Sababu ya pili ni mshangao. Kimbunga hubadilika upesi. Mwezi wa Oktoba, 2015, kimbunga Patricia kilikuwa karibu na Meksiko, upande wa Pasifiki. Katika saa 24 tu upepo wake uliongezeka kwa kilometa 195 kwa saa. Kilipofika kilele upepo ulikuwa kilometa 345 kwa saa. Basi la abiria likikimbia kilometa 80 kwa saa tunashika viti. Huo upepo ni zaidi ya mara nne ya hapo. Waliokuwa wakitazama picha waliliona jicho likifunguka, dogo kama tundu la sindano, na hawakuamini macho yao.

Sababu ya tatu ni kujifunza. Mtu huanza kwa kutazama tu. Baadaye anauliza kwa nini jicho limefunguka. Kisha anasoma vitabu, anapiga hesabu, anabashiri kimbunga kitaelekea wapi. Wako wataalamu wa hali ya hewa ambao walianza hivyo hivyo, kwa kushangaa tu.

Basi kushangaa si kosa. Elimu yote huanza kwa kushangaa. Kosa ni kusahau kwamba chini ya lile wingu kuna watu.

Chini ya picha

Tarehe 1 Septemba, 2019, kimbunga Dorian kilifika katika visiwa vya Bahama. Upepo wake ulikuwa kilometa 295 kwa saa. Picha zake zilikuwa nzuri kupita kiasi. Jicho lilikuwa duara safi. Kisha likatokea jambo la ajabu. Kimbunga kiliposogea juu ya kisiwa cha Grand Bahama kilikaribia kusimama. Kikakaa hapo zaidi ya siku nzima.

Kwa mtazamaji wa picha hilo lilikuwa jambo la kusisimua. Picha moja, ya pili, ya kumi, jicho liko pale pale. Lakini kwa mtu wa chini, kila picha ilikuwa ni dakika nyingine kumi juu ya dari, maji yakipanda. Katika kisiwa cha Abaco, kwenye mtaa ulioitwa The Mudd, waliishi wahamiaji kutoka Haiti katika nyumba za mbao. Nyumba hizo zilisagwa zote. Watu zaidi ya 70 walithibitishwa kufa katika visiwa hivyo, na wengine wengi hawakuonekana tena.

Picha haikuonyesha hayo. Picha ya setilaiti huonyesha vichwa vya mawingu. Haionyeshi bahari inavyopanda barabarani. Haionyeshi mto unavyofurika, wala mama aliyembeba mtoto mgongoni.

Tena ukubwa wa kimbunga katika picha si kipimo cha msiba. Patricia, kile chenye upepo wa kilometa 345, kilipungua nguvu kabla ya kufika pwani. Kilitua mahali penye watu wachache, na serikali ya Meksiko ilikuwa imewahamisha wengi. Waliokufa walikuwa wachache sana. Lakini kimbunga Katrina kilichoipiga Marekani tarehe 29 Agosti, 2005, nacho kilikuwa kimepungua kabla ya kutua. Hata hivyo kuta za kuzuia maji katika mji wa New Orleans zilibomoka. Watu zaidi ya 1,000 walikufa. Waliosema "kimepungua" walisema kweli, lakini maji hayakuwa na habari hiyo.

Picha ilionekana, habari haikufika

Hebu tuangalie msiba mkubwa kupita yote. Usiku wa tarehe 12 Novemba, 1970, kimbunga kiliipiga pwani ya nchi iliyoitwa Pakistani ya Mashariki. Leo nchi hiyo ni Bangladesh. Kimbunga hicho kilikuwa kimeonekana katika picha za setilaiti. Wataalamu walijua kinakuja. Lakini onyo halikuwafikia wengi vijijini, na wengi waliolisikia hawakuelewa hatari ilivyo. Bahari ilipanda usiku watu wakiwa wamelala. Inakisiwa watu wasiopungua 300,000 walikufa.

Watu laki tatu, ndugu msomaji! Na picha ilikuwapo.

Wananchi wa Bangladesh walijifunza. Mwaka 1972 serikali na Chama cha Msalaba Mwekundu walianzisha mpango wa kujihadhari na vimbunga. Vijijini walichaguliwa watu wa kujitolea, wanaume na wanawake. Kazi yao ni kusikiliza redio, kupandisha bendera za onyo, na kupita nyumba kwa nyumba wakitangaza kwa vipaza sauti. Yalijengwa pia majengo imara ya kukimbilia. Kazi haikuwa rahisi. Mwaka 1991 kimbunga kingine kiliua zaidi ya watu laki moja. Hawakukata tamaa, waliongeza majengo na watu wa kujitolea. Mwaka 2007 kilikuja kimbunga Sidr, chenye nguvu nyingi. Waliokufa walikuwa zaidi ya 3,000. Ni wengi, lakini si laki tatu.

Setilaiti haikuwaokoa peke yake. Aliyewaokoa ni jirani aliyegonga mlango.

Neno lisiloeleweka

Tarehe 8 Novemba, 2013, kimbunga Haiyan kiliipiga nchi ya Ufilipino. Wasomaji wa picha walikipa alama 8, yaani alama ya mwisho kabisa. Onyo lilitolewa mapema. Redio na televisheni zilisema bahari itapanda kwa kusukumwa na upepo. Lakini zilitumia neno la kitaalamu la Kiingereza, ambalo wananchi wengi wa mji wa Tacloban hawakulijua. Waliulizana, "Maana yake nini?" Wengine walibaki majumbani, wakidhani ni mvua na upepo kama siku zote. Bahari ikaja kama ukuta. Zaidi ya watu 6,000 walikufa nchini humo. Baadaye waliopona walisema kwamba kama wangeambiwa kwa maneno wanayoyajua, wangekimbia.

Hapa tunaona thamani ya kisomo. Mtaalamu alijua. Redio ilisema. Lakini neno moja lisiloeleweka lilikuwa kama mlango uliofungwa.

Na sisi je?

Msomaji atasema, "Hayo ni ya Wamarekani na Wafilipino. Sisi yanatuhusu nini?"

Yanatuhusu. Mwaka 1872, mwezi wa Aprili, kimbunga kiliipiga Zanzibar. Mikarafuu mingi ya Unguja iling'olewa, na majahazi yakavunjika bandarini. Mwaka 1952, mwezi wa Aprili vile vile, kimbunga kiliipiga Lindi. Mwaka 2019 jirani zetu wa Msumbiji walipigwa na kimbunga Idai katika mji wa Beira. Watu zaidi ya 1,000 walikufa Msumbiji, Zimbabwe na Malawi.

Na tarehe 4 Mei, 2024, kimbunga Hidaya kilifika kisiwa cha Mafia. Hidaya maana yake ni zawadi, lakini hii haikuwa zawadi ya kupokelewa kwa mikono miwili. Safari hii Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilikuwa imetangaza siku kadhaa kabla. Boti za Dar es Salaam na Zanzibar zilisimamishwa. Kimbunga kilipungua nguvu kabla ya kutua. Mtu akiitazama picha tu angesema kimekwisha. Lakini mvua ilinyesha sana upande wa Lindi, na barabara kuu ya kwenda kusini ikakatika.

Hata mkulima aliye mbali na pwani anahusika. Kimbunga kikiwa baharini kinaweza kuvuta unyevu na kukausha mvua yetu, au kutuletea mvua nyingi. Hutegemea mahali kilipo.

Tufanye nini?

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Picha za setilaiti ni dalili iliyoongezwa urefu wa macho. Lakini dalili ni ya kufanyiwa kazi.

1. Sikiliza taarifa ya hali ya hewa, hasa miezi ya Machi mpaka Mei. Andika siku, mahali na onyo lenyewe. Ukiandika hutasahau wala hutaongeza chumvi.

2. Ukiletewa picha ya kimbunga katika simu, uliza: ni ya lini? Ni ya wapi? Imetoka kwa nani? Picha ya kimbunga cha Marekani cha zamani inaweza kuwatia watu hofu bure. Na waliotiwa hofu bure mara mbili, mara ya tatu hawakimbii.

3. Ukisikia neno usilolijua, uliza. Ukiwa wewe ndiye unayelijua, waeleze wengine kwa maneno ya nyumbani. Usiseme tu "tahadhari". Sema: "Bahari itapanda. Vuta mtumbwi. Wapeleke wazee na watoto penye mwinuko kabla ya magharibi."

4. Upepo ukitulia ghafla katikati ya kimbunga, usitoke kwenda kutazama mabati. Huenda uko ndani ya jicho. Ukuta wa pili unakuja, na upepo utatoka upande mwingine kwa nguvu zile zile.

5. Usingoje picha iwe mbaya. Kimbunga kilichopungua bado kina maji.

Basi watazamaji wa vimbunga tusiwacheke. Wao wametufundisha kwamba mawingu yanasomeka. Lakini kazi haiishii machoni. Anayesoma amweleze asiyesoma, na aliyesikia agonge mlango wa jirani. Hapo ndipo picha iliyopigwa kilometa 36,000 juu itakapomfaa mvuvi aliye chini.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini watu wengi walikufa mwaka 1970 ingawa kimbunga kilionekana katika picha?
2. Katika kijiji chenu, nani hupokea taarifa ya hali ya hewa, nayo humfikiaje mtu asiye na redio wala simu?
3. Taja mahali penye mwinuko au jengo imara mnapoweza kukimbilia. Njia ya kwenda huko hupitika wakati wa mvua?